Boksi la Kidoti

Mke mpya wa fundi umeme alikuwa analisha mikunga wa mchangani kwenye jumba la maonyesho ya samaki. Jamani, viumbe waoga wale! Wembamba kama kamba za viatu, mkia umezama shimoni, kichwa juu kinanyaka vijidudu vinavyoletwa na maji. Ukigonga kioo tu, wote chini, unabaki unatazama mchanga mtupu. Yeye aliwajulia: alimwaga chakula mbali, akasimama kimya, akaacha maji yawafikishie.

Ila nyumbani, loo, akili yote aliiacha kazini! Binti wa mumewe, Kidoti, tangu afiwe na mama yake alikuwa anashinda ndani ya boksi la friji chumbani. Kila jioni mama mdogo huyu aliingia mbio, mkoba ungali begani: "Mwanangu, toka nikuone! Nimekuletea zawadi!" Kidoti akavuta kifuniko, akafunga. Mwenzenu alitamani kupendwa na mtoto yule hadi kifua kikamuuma, na aliogopa hatapendwa kamwe.

Shule zilipofungwa, siku moja fundi aliitwa kazini ghafla, ikabidi Kidoti aende na mama mdogo. Akaketi sakafuni mbele ya tangi, tuli. Mikunga wakachungulia mmoja mmoja, mpaka mchanga ukajaa shingo.

"Wale wawili mbona wamekaribiana?" Kidoti aliuliza. Hakuwahi kuwa wa kwanza kumsemesha.

Mama mdogo nusura amrukie kwa furaha. Akajizuia. "Wamependana. Lakini wanaogopa kutoka, kwa hiyo kila mmoja anahamisha shimo lake, kidogo kidogo, mpaka wafikiane."

"Hakuna anayewavuta?"

"Aa, ukiwavuta utawaumiza."

"Mbona wewe unanivuta?"

Maskini, alikosa pa kuficha uso. "Nisamehe, mama. Sirudii tena."

Toka hapo akirudi alisema tu mlangoni, "Nimerudi!" akaenda zake jikoni, ingawa miguu ilimwasha kukimbilia chumbani.

"Mmegombana?" fundi akamtania.

"Niache, nalisha mkunga wangu."

Jioni moja boksi likakutwa kwenye korido, limeziba njia. Fundi akainama alirudishe chumbani.

"Thubutu!" mkewe akamkaripia. "Si una miguu? Ruka!"

Fundi wa watu akawa anaruka, huku ananung'unika.

Halafu ikaja siku ambayo mama mdogo alirudi hoi, hata salamu hakukumbuka. Alifika jikoni akajigonga goti. Boksi hilo, limebanwa kati ya meza na kabati! Alikaa sakafuni, akalipa boksi mgongo, akaanza kumenya viazi.

Kisha sauti ndogo ikatoka ndani:

"Leo hujasema umerudi."

Machozi yakamdondokea kwenye viazi. "Nimerudi, mwanangu."

Boksi likakwaruza sakafu, likasogea tena, mpaka likamgusa mgongo.