Neno la Kupandia Lori

Uliangalia vidole vya miguu yako. Usikatae. Benchi la zahanati ya Lac Vert lilikuwa moja tu, na wote mliolikalia asubuhi ile ya mwaka wa hamsini na sita mliinamisha vichwa kana kwamba vidole hivyo viliota usiku uliopita. Miaka imepita na watu wamesahau. Mimi sisahau. Basi sikia ulichokataa kuona.

Mukamurenzi alifika akimwegemeza begani binti yake, Dancille. Mgonjwa kama huyo hubebwa kwa machela, lakini wanaume wenye mabega walikuwa wamekusanywa kuvunja mawe ya lava barabara ya Sake, kazi ya lazima, na asiyetaka anafungwa. Kwa hiyo Dancille alitembea, peku, juu ya mawe yanayokata kama chupa iliyopasuka, tumbo limemkaza tangu jana yake. Hakutoa hata mguno.

Ndivyo alivyolelewa. Kwao Masisi mwanamke akizaa huuma kitambaa, na Mukamurenzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha mtoto huyu kumeza kilio tangu akiwa mdogo. "Ng'ombe anayelia njo anaita chui," alikuwa akimwambia, yaani ndiye anayemwita.

Muuguzi wa pale alikuwa Julien, kijana wa Butembo. Aliwahi kufanya kazi ng'ambo ya mpaka wa Bunagana, kwa Waingereza, akarudi na neno lao moja alilolivaa kama kofia mpya: akyuti. Kila asubuhi aliwahubiria wagonjwa.

"Pilipili ni kali, jua ni kali, kapita mwenye kusimamia shamba ni mkali, lakini munaishi navyo. Akyuti ni ukali wa wembe. Inakuja mara moja, inakata, haingoje kesho. Mwenye akyuti njo anapanda lori."

Lori lilikuwa la kahawa, na lilikubali mgonjwa mmoja tu kwenda hospitali ya mjini. Siku ile karani mmoja aitwaye Honoré alikuwa na maumivu ya jino. Alilia, akapiga ukuta, akawaita marehemu wa ukoo wake kwa majina.

Julien akamgeukia Dancille. "Mama, tumbo inauma kidogo ao inauma sana?"

Dancille akatabasamu kwa adabu. "Kidogo tu, muganga. Asante kwa kuniuliza."

"Basi utangoja. Honoré, panda."

"Muganga," Mukamurenzi akasema, "mutoto wangu anaficha."

"Mama, tumbo ni yake ao ni yako?"

Benchi likacheka. Wewe pia.

Dereva akawasha injini. Dancille akamkamata mama yake mkono. "Mama, acha. Usiniletee haya mbele ya watu."

Mukamurenzi akatazama chini. Kucha za binti zilikuwa zimezama katika ngozi yake, na damu ilikuwa ikishuka hadi kiganjani. Akainua macho: uso wa Dancille ulikuwa umetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Hapo mama akaelewa. Chui alikwisha kuingia zizini, na yeye ndiye aliyemfunga ng'ombe mdomo.

Akaenda kuketi mbele ya gurudumu la lori, akainua mkono ule wenye damu, akalia. Sauti ile hakuitoa hata siku ya kumzika mume wake.

"Muganga, angalia mukono yangu. Hii njo kidogo yake."

Julien akaja, akaangalia, akaacha kutabasamu. Akamlaza Dancille chini, akabonyeza tumbo upande wa kulia, akaachia ghafla. Dancille hakulia. Magoti yake yalijikunja yenyewe, na jasho likamtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Akyuti," Julien akasema polepole. Neno halikuwa kofia tena. "Honoré, shuka."

"Mimi nilitangulia. Na nimelia tangu alfajiri, kila mutu alisikia."

"Tulisikia, papa. Tulisikia mupaka tukachoka. Shuka."

Honoré akashuka, shavu mkononi, akinung'unika. Lakini lori la kahawa halina ngazi. Ubao wake wa nyuma unafika kifuani mwa mtu mzima, na tumbo lile halikupaswa kukunjwa tena: mgonjwa alitakiwa kuinuliwa amenyooka, na mikono ya Julien na ya mama haikutosha. Dereva akapiga honi. Bwana wake hangoji. Julien akageukia benchi.

Benchi likaangalia vidole vya miguu.

Sasa umesikia. Usiseme tena kwamba hukujua kwa sababu hakulia; hatalia hata sasa, na walio kama yeye bado wanaketi mwisho wa benchi lako wakijibu "kidogo tu." Kila nikiisimulia asubuhi ile, lori bado limesimama pale. Inuka. Shika miguu yake, mwenzako ashike kiuno, mlazeni juu ya magunia. Sasa, kabla dereva hajaondoa mguu kwenye breki.