Mafuta Kila Jumamosi

Mnada ulifungwa saa nne kamili asubuhi, fundi akiwa anapiga pasi kola ya sare ya shule. Simu ikalia. Akaisimamisha pasi, akasoma: Hongera, cherehani yako imepata mnunuzi. Mnunuzi alijiita Mtu Safi, na dau lake lilitosha ada ya muhula wa kwanza wa binti yake katika chuo cha uuguzi, na nauli ikabaki. Mwisho wa kulipa ada ulikuwa tarehe thelathini. Siku hiyo ilikuwa tarehe tisa.

Akachukua kitambaa, akaenda kuifuta cherehani kwa mara ya mwisho. Ilikuwa ya kushonea ngozi, nyeusi, nzito, ya marehemu mumewe, aliyeshonea mikoba miaka kumi na tisa na hakuwahi kumwachia mtu mwingine kuitia mafuta. Mkono wa fundi ukapita ndani ya chuma kama unavyopita kwenye mvuke wa sufuria, ukatokea upande wa pili na kitambaa chake. Akajaribu na wa kushoto. Nao ukapita. Akamwita binti yake, naye akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Unanuka mafuta," binti akasema.

Fundi akawapigia watu wa mnada. Dada wa huduma kwa wateja alimsikiliza hadi mwisho huku akitafuna kitu.

"Hiyo ni kawaida, mama. Imeshauzwa, kwa hiyo si yako. Haijalipiwa, kwa hiyo si yake. Haishikiki mpaka alipe."

"Na asipolipa?"

"Tunampa siku ishirini na moja. Zikipita unarudishiwa."

"Mwisho wa ada ya mtoto ni tarehe thelathini."

"Pole, mama. Kuna lingine nikusaidie?"

Dukani kwake fundi hakuwahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mtu kabla ya nusu ya fedha kuwekwa mezani. Hata mchungaji aliweka nusu. Lakini mnadani hakukuwa na meza, na yeye alishajiambia kwamba watu wa mtandaoni ni watu wa kisasa, watamwona mshamba akianza kudai malipo ya awali. Sasa alijitukana kimoyomoyo kila alipomkumbuka mchungaji.

Mtu Safi hakuwa mtu wa kukimbia simu. Alijibu kila ujumbe, tena kwa adabu. Kesho, dada. Benki kuna foleni, dada. Tumefiwa na jirani, dada, tuombee. Fundi aliwaombea. Siku ya tano, jua la alasiri lilipoingia dirishani, aligundua kwamba meza ina kivuli, kiti kina kivuli, hata mkasi una kivuli, ila cherehani haina. Akadhani ni sehemu ya utaratibu, akaendelea kushona vifungo.

Tarehe ishirini akafunga duka na kwenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye hati ya mauzo. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na yalikuwa maneno makali. Ilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa buluu. Akafungua mwanaume wa makamo, ndevu zimechongwa vizuri, ndala miguuni.

"Karibu, dada, karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

Sebuleni kulikuwa na mkeka na viti viwili tu. Vilivyobaki vilikuwa vivuli. Ukutani palikuwa na kivuli cha piano, kivuli cha jokofu, kivuli cha baiskeli, na karibu na mlango kivuli cha kitanda cha mtoto mchanga. Mwenye nyumba akafungua kivuli cha jokofu, akatoa maji, akammiminia mgeni. Yalikuwa ya baridi. Pembeni, mkewe alikuwa amekalia kiti cha pili mbele ya kivuli cha cherehani ya ngozi, anashona mkoba. Mkoba wenyewe ulikuwa mkoba kweli. Mingine kumi na mmoja ilipangwa sakafuni, kila mmoja na bei yake.

"Hiyo ni cherehani yangu," fundi akasema.

"Ndiyo yenyewe," mke akasema. "Inakata uzi."

"Nitalipa, dada," mume akasema. "Nani amesema silipi?"

"Lini?"

"Kesho."

Fundi akafungua kinywa kutoa yale maneno ya njiani. Uzi ukakatika. Mke akautunga upya, akakanyaga, ukakatika tena. Fundi alivumilia mara mbili. Mara ya tatu roho ikamuuma kuliko alivyoumwa na deni.

"Sogea kidogo," akasema.

Kivuli kilishikika. Kilikuwa chuma, tena cha baridi, na ile skrubu ya kukaza uzi ilikuwa bado inacheza upande wa kushoto, kama marehemu alivyoiacha. Fundi akaigusa, akasikia furaha hadi magotini, kisha akaona hasira kwamba amefurahi katika nyumba ile. Akailegeza kidogo, akageuza sindano, akajaribisha kwenye kipande. Mshono ukaenda sawasawa. Halafu akakikumbatia kivuli kwa mikono miwili na kukivuta. Kikabanduka ukutani upana wa kiganja kimoja, kikarudi palepale kama mpira.

"Hakitoki, dada," mume akasema kwa upole. "Hata mwenye piano alijaribu."

Fundi alipofika nyumbani akakuta Mtu Safi amempa nyota tano. Muuzaji mzuri, aliandika, hata ukipata shida anakuja mwenyewe kurekebisha.

Tarehe thelathini, saa nne kamili, mauzo yakafutwa. Kivuli kikaanguka sakafuni chini ya cherehani, nayo ikawa nzito tena. Mkanda ulikuwa umelika, sindano imevunjika, na ndani hakukuwa na tone la mafuta. Watu wa mnada walimtoza fundi ada ya huduma, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ameridhika. Chuo kilifunga orodha saa kumi jioni. Kesho yake binti aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali ileile ambako wenzake walianza kujifunza uuguzi, na fundi hakuweza kumtazama usoni alipokuwa akifunga aproni.

Chuo kingepokea wengine baada ya miezi sita. Fundi akanunua mkanda mpya, akaitia cherehani mafuta kwa kidole kama mumewe alivyofanya, akamfungia Mtu Safi asiweze kutoa dau, akaipeleka tena mnadani. Siku ya kufungwa mnada alikuwa anampima mteja kiuno. Saa nne kamili akageuka kutazama sakafu, sio simu. Kivuli cha cherehani kilikuwa kimeondoka.

Baadaye ndipo aliposoma. Hongera. Mnunuzi safari hii alijiita Mtu wa Watu. Ujumbe wake ulikuwa umeshafika: Kesho, dada.

Fundi alimmalizia mteja vipimo, akaviandika, akapokea nusu ya fedha mezani. Kisha akakaa na kumjibu: Hiyo mashine itieni mafuta kila Jumamosi, la sivyo itakufa.

Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini. Asante sana, dada. Ubarikiwe.