Halikutoka Kwetu

...na kijiko kimebaki hapo hapo hewani, mwanangu Abdulmajidi amefungua mdomo anangoja uji, miaka saba na bado namlisha, na daktari Theodora anaongea kutoka Dodoma kwenye simu ambayo mume wangu Mselemu ameiweka sauti kubwa juu ya gunia la alizeti, anasema majibu ya damu zetu yamekuja, ya mtoto, ya baba, ya mama, kuna jeni moja ndogo mno, jina lake herufi na tarakimu kama namba ya pikipiki, haitengenezi protini kama zingine, inatoa nakala fupi tu, wanaiita RNA, inayokaa ndani ya kiini cha seli, kazi yake kusaidia kukata ujumbe wa jeni zingine, kutoa vipande visivyotakiwa na kuunga vinavyobaki, na kwa huyu mtoto, ndani ya jeni hiyo, herufi moja imezidi... moja, ya Rabbi, herufi moja na mwanangu hajawahi kuniita mama... "Halikutoka kwenu," anasema, "badiliko hili baba hana, mama hana, limeanza kwa mtoto mwenyewe," ...subiri, daktari, subiri kidogo, maana mimi na Mselemu ni watoto wa ndugu wawili, baba yake na baba yangu tumbo moja, wazee wamekaa wakasema damu imekutana na damu, waachane kwa wema, kila mmoja akazae kwingine, na tukakubali, ndiyo, bila ugomvi, Idi ikipita anatoa talaka, nguo zangu zimeshafungwa, nami kila nikisujudu naitubia ndoa yangu kama mtu aliyezini, kumbe Wewe Mola mwenyewe uliihalalisha, kwa hiyo nilikuwa nakuambia Wewe ndiye uliyekosea, astaghfirullah, na lingine baya zaidi, Mselemu aliposema labda damu mbovu ni ya upande wake nilifurahi moyoni, mjinga mimi, upande wake si ndio upande wangu... Mselemu anauliza kuhusu kuzaa mwingine, yeye anayebishana bei na soko zima sasa ananong'ona, daktari anasema uwezekano wa kurudia ni mdogo sana, hawezi kuapa kwamba haupo, lakini udugu wetu hauhusiki na hili. "Rudia hapo, daktari, mama yangu asikie," anasema Mselemu... mama yake, mama mkubwa wangu, yuko barazani, yeye ndiye aliyetuoanisha, tangu wazee waseme haingii ndani, anakaa mlangoni kanga kinywani, anamsalimia mjukuu kwa mbali kama mgeni, na daktari anarudia, nami nangoja kilio, hakiji, anavua kandambili zake taratibu, anaingia ndani, anasema, "Sasa wazee nani atawaambia?" ...hakuna kilichopona, mtoto ni yule yule, uji unapoa, nilitaka kosa liwe la mtu ili nilibebe au nimtupie, sasa halina mwenyewe, na Mselemu ananiangalia, mara ya kwanza tangu mwezi wa Rajabu ananiangalia usoni, anauliza nasemaje, nami nimeuma meno, maana nikifungua mdomo sasa hivi, mbele ya daktari na mama mkubwa, litatoka neno moja tu, siondoki.