Jibu la Shimba

Mzee Shimba alipotuma salamu kwamba Jumamosi atavuka ziwa kwa kivuko cha Busisi kuja kumsikiliza marehemu baba yangu, tovuti yangu ya ngoma ilikuwa chali. Ukiifungua unaona kichwa cha habari, kisha chini yake mistari myekundu ya Kiingereza inayokwambia hiki hakipo, kile hakikuonekana. Mimi nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira huwa siambiliki.

Huo ni mwaka tisini na tisa. Mimi na Kemilembe, mshirika wangu wa kazi, tulikuwa na chumba kimoja cha ofisi Mabatini, katikati ya muuza mitumba na fundi cherehani. Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye kinu cha pamba baada ya kinu kuuzwa. Yeye, binti wa Kihaya kutoka Muleba, alikuwa ametoka Chuo Kikuu na Kiingereza chake chote, na hakukuwa na siku aliyosahau kunikumbusha. Mji mzima ulikuwa unafungua kitu: huyu duka la dawa, yule baa, yule wa kule studio ya picha. Sisi tulifungua ofisi ya kutengeneza tovuti. Wenye hoteli na wauza minofu ya sangara walikuja kwetu bila kujua tovuti ni nini, ila wamesikia jirani anayo. Nikiikumbuka ile miaka moyo unanisokota. Simu ilikuwa inalia na kukoroma kabla ya kukuunganisha na dunia, nasi tunakaa tukiisikiliza.

Tovuti ya ngoma haikuwa ya mteja. Ilikuwa yangu. Kwetu Usukumani vyama vya ngoma ni viwili, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno hukutana kushindana. Kila chama kinacheza upande wake wa uwanja, wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda wanakotaka. Kitakachovuta watu wengi ndicho mshindi. Kwa hiyo manju wa huku, yule mtunzi anayeongoza nyimbo, anamwimbia manju wa kule matusi matamu ili watu wacheke na kuhamia kwake, na wa kule naye anamrudishia. Baba yangu, Ndalahwa, alikuwa manju wa Bagika. Wa Bagalu alikuwa Shimba. Walitukanana kwa nyimbo ujana wao wote, na mwisho wa mavuno walikunywa pombe kwenye kibuyu kimoja.

Wimbo mmoja wa baba na jibu la Shimba vilirekodiwa kwenye kaseti. Niliviingiza kwenye kompyuta kwa waya, na kwa bahati, maana baadaye redio iliutafuna ule mkanda hadi ukawa kama nywele za mahindi. Sauti zilikuwa nzito mno kuzituma Dar kwa simu, tulikohifadhi kurasa zetu, kwa hiyo zilikaa kwenye mashine yetu tu. Mzee Shimba hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Alikuwa amezeeka, na alitaka amsikie mwenzake na ajisikie yeye, walivyokuwa. Ndilo jambo pekee aliloniomba katika maisha yake.

Niliipanga tovuti ile kama ngoma inavyochezwa. Kila shindano lilikuwa na folda yake, na ndani ya folda wimbo wa kuanza na wimbo wa kujibu, ubavu kwa ubavu. Nyimbo za kujibu zote niliziita “jibu”. Za kuanza niliziita “wito”, isipokuwa wa baba, ambao niliupa jina lake. Baba yangu asingekuwa wito tu kama wito wa mtu mwingine.

Halafu kampuni ya Dar ikatangaza kwamba kile kiunzi tunachojengea tovuti kimetolewa toleo jipya, na la zamani halipokelewi tena. Kiunzi ni programu inayoshika kurasa zako kama miti inavyoshika udongo wa ukuta. Toleo jipya lilikuwa na makuu. Picha zote zikae folda moja, sauti folda nyingine, kurasa kwingine, na ndani ya sauti ugawe kwa makundi. Siku hiyo mimi nilikuwa Ilemela kwa mteja wa hoteli, karibu na uwanja wa ndege. Kemilembe akafanya kazi ya kuhamisha peke yake. Niliporudi nikakuta Bagika wote wana folda yao na Bagalu wote folda yao.

“Umefanya nini?” nilimuuliza.

“Nimewatenganisha. Si mahasimu hao?”

“Kemilembe, hawa wanajibizana!”

“Wewe mwenyewe kila siku unaniambia walivyotukanana. Kwetu watu wenye ugomvi huwalazi chumba kimoja. Ni heshima.”

“Heshima ya Kihaya hiyo. Msukuma akitukanwa anataka aliyemtukana akae karibu, amsikie vizuri.”

“Mae! Basi ningejuaje?”

Ijumaa mchana kutwa tulikaa kwenye viti vyetu vya plastiki tukirekebisha. Kurasa zilikuwa bado zinatafuta sauti kwenye folda za zamani, kwa hiyo tulipita ukurasa baada ya ukurasa tukizielekeza kwenye makao mapya. Kemilembe aligundua kwamba toleo jipya lina faili la mpangilio, ambamo unaandika kipi kitangulie na kipi kifuate, hata kama vinakaa mbalimbali. Nilimsifu, jambo ambalo silifanyi ovyo. Mistari myekundu ikapungua, mmoja, mwingine, ukabaki ukurasa wa baba. Nikabonyeza. Spika zikakwaruza, njuga zikasikika kwa mbali, kisha sauti yake.

“Shimba, nimekuja! Mbavu za ng'ombe wako nazihesabu nikiwa kwangu! Mkeo ameniuliza, hivi wanaume wa kweli wanacheza upande gani?”

Nililia, sioni haya kusema. Kemilembe akanipigapiga begani.

Kisha nikabonyeza jibu, na akaimba mtu mwingine kabisa, manju fulani wa Magu. Nikarudia. Yule yule. Nikaifungua folda ya Bagalu na nikaona faili moja tu lenye jina “jibu”. Majibu yote yalipoingizwa kwenye folda moja, kila lililokuja lilimkalia mwenzake, na mashine ilipouliza kama iendelee, Kemilembe aliiruhusu. La mwisho ndilo lililobaki; baba alipona kwa sababu ya jina lake tu. Jibu la Shimba lilikuwa limefutika duniani.

“Waitu, Mayala,” alisema taratibu, akiniita kwa heshima ya kwao. “Tutamwambia nini?”

Hata hasira iliniishia.

Jumamosi mzee alifika amevaa koti la suti na kofia, mkononi fimbo, vumbi la njia ya kivukoni Kigongo hadi magotini. Tulimwamkia shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba huku akiitazama kompyuta kwa mashaka.

“Ndalahwa yumo humu?”

“Yumo, baba.”

“Alikuwa mrefu. Amekunjwaje?”

Nikampa kiti, nikabonyeza. Baba alipoita “Shimba, nimekuja!” mzee aliruka kidogo, halafu akaanza kucheka. Alicheka kwenye zile mbavu za ng'ombe, na kwenye suala la mke akapiga fimbo sakafuni. “Mwongo mkubwa huyu! Mke wangu hakwenda upande wake hata siku moja!” Wimbo ukaisha. Akajiweka sawa, akavua kofia.

“Haya. Sasa mimi.”

Nikamweleza. Nilimweleza kwa Kisukuma ili maneno yasiwe na ganzi, na Kemilembe akapiga magoti, kama mabinti wa kwao wanavyofanya mbele ya wazee, akaomba radhi kwa Kiswahili. Nje cherehani ilikuwa inakwenda.

“Kwa hiyo yeye yupo, mimi sipo,” mzee alisema. “Na mimi ndiye niliye hai.”

“Tuna maikrofoni, baba,” Kemilembe akasema. “Unaweza kuimba tena, tukaiweka.”

“Nimwimbie nani, mwanangu? Matusi huimbiwa mtu anayesikia.” Aligeuza kofia mikononi. Macho yake yalikuwa yamelowa. “Hebu mpige tena huyo mwongo.”

Tukampiga tena. Safari hii mzee hakucheka. Wimbo ulipoisha akasimama, akanikabidhi fimbo, akaisogelea maikrofoni. Kemilembe akawahi kubonyeza. Lile jibu la zamani nililijua kwa moyo, nikawa nasubiri pale anapomsema baba kwa njuga za kuazima. Hapakufika. Sauti ilikuwa imechakaa lakini haikuyumba.

“Ndalahwa, umeniachia uwanja! Watu wote wako kwangu leo, na sina wa kuwagombania. Nimeshinda, na ushindi wenyewe hauna ladha. Rudi unitukane! Njoo uwachukue watu wako!”

Akakaa. Kemilembe alilihifadhi faili na, bila kuniuliza, akaliita “shimba”. Akafungua faili la mpangilio aliweke chini ya la baba, mahali pa jibu.

“Limekwenda wapi?” mzee aliuliza.

“Nyuma ya wimbo wake, baba. Yeye anaanza, wewe unajibu.”

“Hapana. Mimi nitangulie.”

Kemilembe akanitazama. Nikamwashiria afanye. Akabadilisha mistari miwili, akabonyeza, na Shimba akaimba kwenye spika akimwita mwenzake arudi amtukane. Sauti ikaisha, zikaja njuga kwa mbali.

“Shimba, nimekuja!” baba akaitika. “Mbavu za ng'ombe wako nazihesabu nikiwa kwangu!”

Mzee akajifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika kwa kicheko.

“Mwongo,” akasema. “Mwongo mkubwa. Karibu.”