Matundu ya Makusudi

Kazi yangu ni kuziba. Soksi iliyochoka kisigino, sweta iliyoliwa na nondo, koti lililotoboka kiwiko, vyote huletwa kibandani kwangu, na vikitoka hapo hujui palipokuwa na tatizo. Sasa niambie, mtu wa namna hii anafumaje lesi, kitu ambacho uzuri wake wote ni matundu?

Binti yangu ndiye aliyeniponza. Alipotuambia amepata mchumba, alinishika mkono. "Mama, tangu nizaliwe navaa vitu ulivyoviziba. Siku ya harusi nataka nivae kitu ulichokianza mwenyewe." Na mimi, mdomo wangu ulivyo mwepesi, nikamwahidi shali ya lesi.

Maelezo yalikuwa rahisi. Unazungusha uzi kwenye sindano bila kufuma, na ukirudi na safu inayofuata, hapo panabaki tundu. Nikazungusha. Niliporudi, vidole vikaona uwazi, vikaukaza, vikaufunga. Sikuvituma! Nikafumua, nikaanza upya huku nikivichunga kama wezi. Nikageuka kumjibu mteja, kurudi nakuta vimeziba safu nzima. Nikafuma, nikafumua, nikatukana, mpaka uzi mweupe ukaota manyoya na kuwa na rangi ya maji ya kudekia.

"Hicho ni cha kushikia sufuria?" mume wangu akauliza. Jioni hiyo alijipakulia chakula mwenyewe.

Siku moja kabla ya harusi, asubuhi, binti akaja kibandani na mfuko. "Usikasirike, mama." Ndani mlikuwa na shali ya lesi ya dukani. Kumbe aliinunua kitambo, akaificha kwa mama yake mdogo. Sasa ilikuwa imenaswa na zipu ya gauni, nyuzi zikakatika, na pengo lake lilipitisha ngumi.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. "Kwa hiyo hukuniamini."

"Ningeamini nini, mama? Kila nikija nakukuta unafumua."

Nilimnyang'anya shali, nikavuta uzi wangu kutoka ndani kabisa ya donge, ulikokuwa bado mweupe, nikakaa.

Hii sasa niliielewa. Kitu kimeharibika, kirudishwe kilivyokuwa, na kilivyokuwa ni matundu. Vidole havikubisha hata kidogo. Vilitazama matundu ya pembeni, vikazungusha uzi, vikaacha uwazi, vikasonga mbele, tundu baada ya tundu. Washenzi wakubwa! Muda wote ule walikuwa wanangoja kitu kichanike.

Kesho yake binti alisimama mbele ya kioo, shali mabegani. "Nionyeshe ulipofuma, mama. Nataka pakae mbele, nikiulizwa nipaonyeshe."

Nikaigeuza shali upande huu na ule. Nikapapasa. Nikavaa miwani. Nje walikuwa wanamwita. Sikupaona, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani ningekuwa fundi mbovu.

"Mama?"

"Hapa," nikasema, nikaweka kidole popote tu.

Akapaweka kifuani. Siku nzima aliwaonyesha wageni, mmoja mmoja, "Hapa alifuma mama," na mimi nilikaa kitini pangu nikiwasikiliza wakiisifu kazi ya mashine.