Sanduku la Besi la Mdogo Wangu

Nimetengeneza vitanda, makabati na milango ya nusu ya mtaa wetu, na hakuna hata kimoja kinachopiga kelele. Kwa hiyo nilikasirika kuliko mdogo wangu mwenyewe siku alipokuja kuniambia maneno ya kiongozi wa bendi yao. Gita lake la besi halisikiki. Jumamosi lisiposikika hadi ukuta wa nyuma wa ukumbi, mpiga kinanda atapiga besi kwa mkono wa kushoto, na yeye abaki nyumbani.

"Lete spika yako," nikamwambia. "Sanduku niachie mimi."

Nilikata plaiwudi nene, nikabana kila pembe kwa gundi na skrubu, nikaacha tundu moja mbele la kupumulia. Kitu kimoja tu kiliniudhi: penseli yangu ninayoichomeka nyuma ya sikio ilipotea. Nikamfokea mdogo wangu, maana tangu utotoni ana mkono mrefu kwa vitu vyangu. Alikana hadi machozi yakamlengalenga.

Jumamosi tukaliingiza ukumbini. Sauti za kwanza zilinguruma vizuri. Mdogo wangu aliposhuka kwenye ile nene kabisa, sanduku likatoa krrr.

"Linakoroma," kiongozi akasema. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Mpiga kinanda akaanza kunyoosha vidole vya mkono wa kushoto.

"Mbao zangu hazikoromi," nikajibu. Nikamwambia mdogo wangu airudie sauti ile huku nikishika ubavu mmoja baada ya mwingine. Zote tuli. Basi kuna kitu ndani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikapiga magoti, nikafungua spika, nikazamisha mkono hadi begani. Vidole vikagusa kitu chembamba chenye pembe sita.

Ningeweza kukificha ndani ya mkono wa shati. Nikakitoa mbele ya wote.

"Penseli! Dada, si ulisema mimi mwizi?"

"Nilisema. Nisamehe, mdogo wangu. Kumbe mchawi ni sikio langu hili, limeshindwa kuishikilia."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nikairudisha spika, nikakaza skrubu, naye akapiga. Kiongozi akatembea hadi ukuta wa nyuma, akauwekea kiganja, akabaki hapo wimbo mzima. Nilisimama kifua mbele.

"Kinanda," akaita kutoka kule, "mkono wa kushoto upumzike."