Rangi Waliyoiagiza

Serikali ilipouza kiwanda cha nguo, watu wa mtaa wa Mafiga, mjini Morogoro, walisema heri, maana kilikuwa kimelala miaka mingi na popo wamekigeuza makazi. Mwenye mali mpya aliwasha mitambo, akapata mnunuzi Ulaya, na mashati meusi ya Morogoro yakaanza kuvaliwa na watu wasiojua Morogoro iko wapi.

Hafidha aliajiriwa kusimamia maji taka. Kazi ilikuwa na cheo, ofisi na feni, ila haikuwa na bwawa la kusafishia maji. Bwawa lilikuwa ahadi tu. Maji ya rangi yalitoka yakifuka mvuke, yakapita mfereji wa nyuma, yakamwagikia kijito kinachoshuka kutoka milima ya Uluguru. Chini huko shangazi yake, Mosi, alilima mchicha. Mwaka ule mchicha ulinyauka, na miguu ya shangazi ikaanza kubanduka ngozi.

"Mwanangu," shangazi alimwuliza, "kazi yako ni kuyasimamia hayo maji au kuyasindikiza?"

Hafidha akainama kuitazama miguu ile.

Siku chache baadaye meneja, Bwana Laurenti, alimwita. "Mkaguzi wa mnunuzi anakuja. Tutazima mapipa ya kuchemshia rangi na kuusuuza mfereji. Ile karo ya zamani ya saruji, iliyokauka kule nyuma, tutaijaza maji ya bomba, nawe utamwambia ndilo bwawa letu."

"Sitasema hivyo, bwana."

"Basi utanyamaza."

"Kunyamaza nako sitaweza."

"Kiwanda kikifungwa, utawalisha wewe hawa watu?"

Hafidha alimfikiria rafiki yake Irene, wa kwenye mapipa ya rangi, na watoto wake.

Mkaguzi alikuja, mzungu mpole aitwaye Henrik. Alisimama kando ya karo akafurahi, akapiga picha. Hafidha akajikuta anamwambia kwa Kiingereza, "Hii tumeijaza jana. Maji yenyewe yanapita huku." Akatangulia kushuka hadi bustani ya shangazi yake. Laurenti aliwafuata akimwita, Hafidha hakugeuka.

Mfereji ulikuwa umesuuzwa, lakini udongo wa bustani hausuuziki. Mosi alipiga jembe, likaibuka bonge la udongo jeusi kama masizi. Henrik alibadilika uso.

"Kampuni yangu haiwezi kununua hapa," alisema. "Oda nitaifuta."

"Umetuua!" Laurenti alimfokea Hafidha.

Hafidha akamgeukia mgeni. "Ukiondoka utanunua wapi? Kwa mwingine aliyeficha mfereji wake vizuri kuliko sisi? Kila mwaka mnataka weusi uliokolea zaidi, upesi zaidi, kwa bei ya chini zaidi. Tukiomba bei ibebe na bwawa, mnatuambia nchi ziko nyingi. Weusi huu ni wenu. Ninyi ndio mliouagiza."

"Anasemaje huyo?" shangazi aliuliza.

"Anasema anaondoka."

"Basi aondoke na chake." Mosi akamtia Henrik lile bonge mikononi.

Jioni ile Hafidha alifukuzwa kazi. Irene alimfuata nyumbani, macho mekundu. "Umechezea unga wetu, Hafidha!" Kisha akakaa kwenye mkeka, akaitazama mikono yake iliyoshika rangi isiyotoka. "Lakini kweli, sisi ndio tunaoshinda ndani ya maji yale."

Asubuhi Irene na wenzake waligoma kuwasha mapipa mpaka bwawa lichimbwe. Laurenti alitisha, akabembeleza, akatisha tena. Mwenye mali akapiga simu Ulaya, wakavutana majuma mengi, na mwisho mnunuzi akakubali kuirudisha oda na kuchangia bwawa kuliko kuanza upya kwingine. Likachimbwa.

Hafidha aliambiwa atarudishwa akiomba radhi. Akakataa. Sasa analima mchicha na shangazi yake, na kila mara hupanda na kijito hadi ukuta wa kiwanda, akachota maji kwenye chupa, akayainua juani ayatazame.

"We dada, huna kazi hapa!" mlinzi humfokea.

"Kijito hakina geti," hujibu, akaendelea kuchota.